Fuata Maji: Kufundisha Usanifu Majengo ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa usanifu majengo anayetaka kuwatoa wanafunzi wake darasani na kuwapeleka kwenye mtaa wa kale ambao bado una wenyewe. Nimeuandika nikiwa na Mji Mkongwe wa Unguja mbele ya macho, kwa sababu ndio ninaoujua, na kwa sababu yanayofanywa huko na madarasa yanayopita kwa wiki mbili na kuondoka yananiuma. Wanafunzi hupiga picha za milango ya kuchonga, huchora roshani, hupendekeza hoteli ndogo yenye mgahawa juu ya paa, kisha hupata alama nzuri. Mama anayelala na ndoo kando ya kitanda wakati wa masika hatajwi popote kwenye michoro hiyo.

Ninachopendekeza ni kimoja: wafundishe kufuata maji. Tone linaloingia paani litampitisha mwanafunzi kwenye kila somo unalotaka alijue. Litamwonyesha hali ya hewa, kisha jiwe na chokaa, kisha nguvu ya boriti, kisha familia ngapi zinakaa chini ya paa hilo, na mwisho nani mwenye mali na nani analipa. Hakuna hotuba ya darasani kuhusu usanifu endelevu inayofanya yote hayo kwa pamoja.

Hatua ya 1: Panga kazi iangukie mvua

Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, vuli kuanzia Oktoba hadi Disemba. Nyumba inayoonekana nzima mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa imeshaikausha, hutoa siri zake Aprili. Kwa hiyo ziara ya kwanza iwe kabla ya mvua, ya pili iwe mvua ikinyesha, na kazi ya usanifu ianze baada ya hapo. Vyuo vyetu vingi vina muhula unaoanza Machi. Huo ndio wa kuushika. Kama ratiba imekunyima masika, tumia vuli.

Tazama pia kalenda ya mtaa. Ijumaa mchana usiende. Ramadhani si lazima uikwepe, ila usipeleke vijana kupima jiko la mtu wakati wa kuandaa futari.

Hatua ya 2: Uchochoro mmoja, ruhusa zote

Eneo lililoandikishwa na UNESCO mwaka 2000 lina hekta 96. Darasa lako haliwezi kulijua. Chukua uchochoro mmoja, uwe Kiponda, Malindi, Mkunazini au Hurumzi, wenye nyumba zisizozidi 12, na ukae hapo hapo muhula mzima. Ukiweza, rudi kwenye uchochoro huo huo mwaka unaofuata na darasa jingine.

Mtu wa kwanza kumwendea ni sheha, kiongozi wa Serikali ngazi ya mtaa. Usimpelekee barua tu; kaa naye, mweleze, na umwombe akutambulishe kwa wazee wa mtaa. Kisha nenda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, ambayo ndiyo inayotoa kibali cha mabadiliko yoyote ya jengo ndani ya eneo la hifadhi na ndiyo inayotunza mpango wa uhifadhi wa mwaka 1994. Wanafunzi wausome mpango huo kabla ya kupanda boti. Nyumba zikiwa za wakfu, unahitaji pia Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana.

Andika ukurasa mmoja wa Kiswahili, ugawiwe kila mlango, unaosema darasa linakuja kufanya nini na halikuja kufanya nini. Sentensi muhimu kuliko zote ni hii: hatuna fedha za kukarabati nyumba yenu. Watu wa Mji Mkongwe wamepimiwa kuta na kupigwa picha mara nyingi, na kila mwenye futi kamba huacha matumaini nyuma yake. Usiyaache.

Hatua ya 3: Siku za mwanzo bila penseli

Wanafunzi wabishe hodi na wasubiri. Hodi ya tatu isipojibiwa, waondoke. Shikamoo kwa kila mkubwa, viatu mlangoni, na simu ibaki mfukoni mpaka ruhusa ya picha itolewe na mwenye nyumba, siyo na mtoto aliyefungua mlango.

Barazani utawapata wanaume. Wakikaa hapo na kahawa jioni mbili tatu watasikia mengi kuhusu mtaa, lakini nusu ya habari haiko barazani. Iko uani, jikoni, juu ya paa kwenye kamba za nguo, na kwenye vikao vya wanawake vya kuchangiana pesa. Wapange wanafunzi wa kike waende huko, tena wapewe muda wa kutosha, kwa sababu anayepika, anayefua na anayehamisha magodoro mvua ikianza ndiye anayeijua nyumba.

Maswali nayo yana kazi yake. Ukimuuliza mtu urithi wake una maana gani kwake, atakupa jibu la adabu. Muulize: mvua ikinyesha mnahamisha nini? Chumba gani hakilaliwi tena? Nani alipanda paani mara ya mwisho, na lini? Mkitaka kuziba tundu mnamwomba nani ruhusa? Bibi anapanda ngazi hizi vipi? Majibu ya maswali haya matano yanatosha kuujaza muhula.

Hatua ya 4: Pima kutoka paani hadi msingi

Kabla ya yote, usalama. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka huku kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakafariki. Lilikuwa jengo linalotazamwa kuliko yote mjini. Nyumba ya uchochoroni haina anayeitazama hivyo. Kwa hiyo mlipe mwashi wa mtaani aongozane nanyi, na neno lake liwe la mwisho: akisema chumba hiki hakiingiwi, hakiingiwi. Watu wawili tu kwenye sakafu moja ya juu kwa wakati mmoja, na watembee karibu na kuta, pale boriti zinapokalia jiwe.

Kipimo kianze juu. Nyumba nyingi za mawe zilikuwa na paa bapa la chokaa iliyopondwa, nalo lilisumbua sana kwenye mvua za huku. Ndiyo maana mji ukiutazama kutoka juu leo unaona bati. Bati lina mteremko, na mteremko una mwisho. Mwanafunzi aandike: maji yanayofika mwisho huo yanaangukia wapi? Kwenye mlizamu, ule mfereji wa maji ya paani? Kwenye ukuta wa jirani? Ndani ya ua mdogo usio na njia ya kutolea maji?

Wape hesabu hii waifanye wakiwa palepale. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50 limekusanya lita 5,000, yaani tani tano za maji zinazotafuta njia. Mlizamu uliotoboka unazielekeza tani hizo mahali pamoja ukutani.

Kisha washuke na ukuta. Ukuta wa Mji Mkongwe una unene wa sentimita 50, 60 au zaidi, na katikati yake si jiwe tupu. Ni vipande vya matumbawe vilivyoshikwa kwa udongo na chokaa. Maji yakiingia kutoka juu huusomba udongo ule kidogo kidogo, tumbo la ukuta likabaki tupu, nyuso mbili zikaachana, na ukuta ukafura. Timazi itaonyesha jambo hili kabla ya macho. Wakati huohuo, ncha za boriti zilizopachikwa ukutani hukaa kwenye unyevu, huoza, na mchwa hufuata. Boriti inaweza kuonekana nzima katikati ya chumba huku ncha yake ikiwa unga. Mwanafunzi aigonge karibu na ukuta na kusikiliza, kisha aulize kama sakafu ya juu hucheza.

Wasiishie kwenye mvua. Kuna kiyoyozi kinachodondosha maji mchana kutwa juu ya lipu ya jirani. Kuna tangi la lita 1,000 lililowekwa juu ya boriti za kale, nalo likijaa ni tani moja pale ambapo zamani palikuwa na kamba ya nguo. Kuna vyoo vilivyoongezwa ghorofani na mabomba yaliyozikwa kwenye kuta za chokaa, na hili limekithiri zaidi nyumba inapogeuzwa ya wageni na kila chumba kutakiwa kiwe na bafu lake. Chini kabisa kuna unyevu unaopanda kutoka ardhini ukiwa na chumvi.

Matokeo ya hatua hii yawe mchoro mmoja wa mkato kwa kila nyumba, yaani nyumba ikionekana kana kwamba imekatwa kutoka juu hadi chini, kwa kipimo cha 1:50, wenye njia za maji zilizopakwa buluu kutoka bati hadi mtaroni. Mchoro huo una thamani kuliko sura kumi za mbele zilizopakwa rangi za kuvutia. Utundike ukutani na usiruhusu utolewe mpaka muhula uishe.

Hatua ya 5: Watie chokaa mikononi

Mwanafunzi ambaye hajashika mwiko hatakuelewa ukimwambia saruji inaua nyumba za kale. Atakariri tu. Mpeleke kwa fundi.

Chokaa ya pwani hutokana na matumbawe yaliyochomwa. Moto ukifika kiasi cha nyuzi 900 jiwe huachia hewa ya ukaa. Ukilizima kwa maji hulainika likawa uji mweupe. Ukishaupaka ukutani, uji ule huivuta tena hewa ya ukaa taratibu na kurudi kuwa jiwe. Kuzima chokaa ni hatari kwa macho na ngozi, basi nunua iliyokwisha kuzimwa na kulowekwa, na bado uwape glavu na miwani.

Zoezi ninalolithamini zaidi ni hili. Tafuta mawe ya matumbawe yaliyoanguka, jengeni vipande viwili vya ukuta vya urefu wa goti, kimoja kipigwe lipu ya chokaa na kingine ya saruji. Visimamisheni kwenye sinia za maji ya bahari na mwandike mnayoyaona kila wiki. Lipu ya chokaa itapitisha unyevu, itatoa unga wa chumvi usoni, na itaanza kuchakaa yenyewe huku jiwe likibaki salama. Hiyo ndiyo kazi yake, na ndiyo maana wazee walipaka chokaa upya kila baada ya muda. Lipu ya saruji itabaki ngumu na safi kwa muda, lakini unyevu uliozuiwa nyuma yake utapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, chumvi itagandia ndani, na lipu itakapobanduka itaondoka na uso wa jiwe. Mwanafunzi aliyeona hayo kwa macho yake hahitaji kusadikishwa.

Hapa pia ndipo pa kuwafundisha ukweli mzima. Uzalishaji wa saruji duniani hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, ni kweli. Lakini tanuri la chokaa nalo hula kuni, matumbawe ni makazi ya samaki, na boriti ni mikoko inayolinda ufukwe. Kitu hakiwi rafiki wa mazingira kwa kuwa cha kale tu. Jibu langu kwa wanafunzi ni kwamba kinachookoa zaidi ni kile kisichohitaji kubadilishwa: boriti yenye ncha iliyooza ikatwe ncha na kuungwa, isitupwe yote, jiwe lililoanguka lirudishwe mahali pake, bati lizibwe kabla halijaozesha dari. Wapeni kazi ya kukokotoa mikoko mingapi inabaki ufukweni ikiwa mlizamu wa uchochoro wenu utatengenezwa mwaka huu badala ya baada ya miaka mitano. Watashangaa.

Hatua ya 6: Chora ramani ya nani mwenye nini

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na Serikali na kupangishwa kwa familia kadhaa kwa nyumba moja. Nyingine ni wakfu. Nyingine ni za mirathi, warithi wakiwa wametawanyika Unguja, Dar es Salaam, Maskati na Uingereza, na hakuna anayeweza kuamua peke yake. Chini kuna duka lenye mpangaji wake.

Wanafunzi wachukue ule mkato wa njia za maji na kuandika kila chumba kinakaliwa na nani, kwa mkataba gani, na nani anatarajiwa kutengeneza nini. Usitumie majina ya watu; tumia alama. Hapo mwanafunzi ataona kwamba tundu la paa halikubaki wazi kwa uzembe. Anayevujiwa ni mpangaji wa juu, mwenye mali ni mwingine, na fedha ya kodi haitoshi hata bati. Msanifu asiyelijua hili atachora suluhisho zuri lisilo na mtu wa kulitekeleza.

Hatua ya 7: Wavushe Darajani

Hii ni fupi lakini usiiruke. Mji Mkongwe ulikuwa umetenganishwa na Ng'ambo kwa hori la maji ya bahari, ambalo baadaye lilifukiwa. Jina la Darajani linatokana na daraja lililokuwa hapo. Wengi wanaofanya kazi upande wa mawe hulala upande wa Ng'ambo, na huko kuna urithi wake: nyumba za miti na udongo zenye baraza na ua, na majumba ya Michenzani yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Watembee siku nzima. Waulize kuhusu mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, ambao uliwashirikisha wakazi katika kuutazama mji wao kabla ya kuupangia. Mwanafunzi akidhani urithi ni matumbawe peke yake, elimu yako haijafika.

Hatua ya 8: Toa kazi ndogo

Sasa ndiyo wachore. Usitoe kituo cha utamaduni, usitoe makumbusho. Toa mlizamu mmoja unaohudumia nyumba tatu na makubaliano ya nani atausafisha. Toa tangi la maji ya mvua linalokaa ardhini. Toa safu ya vyoo iliyopangwa juu kwa juu ikitegemea ukuta mmoja wenye bomba la nje. Toa ngazi ambayo bibi wa miaka 80 anaipanda usiku. Mwanafunzi mwenye kipaji ataonekana kwenye ngazi kama ambavyo angeonekana kwenye uwanja wa ndege.

Masharti ya kazi yawe haya. Upana wa chumba ufuate boriti. Ndiyo iliyovipa vyumba vya kale upana wa mita mbili na nusu hadi tatu, na anayetaka zaidi aeleze uzito wake unatua wapi. Fundi wa mtaa huo aweze kuijenga kwa zana alizo nazo. Iweze kuondolewa bila kuumiza ukuta.

Na joto lipimwe, lisikisiwe. Zanzibar iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena mapema Oktoba. Paa ndilo linalobeba mzigo mkubwa, huku uchochoro mwembamba ukijikinga wenyewe karibu siku nzima. Weka vipimajoto vinne: juu ya paa, chini ya bati, uani, na chumba cha chini. Wasome kila saa kuanzia asubuhi hadi magharibi. Watajifunza kwa nini ua uliofunikwa plastiki huifanya nyumba nzima kuwa tanuri, na kwa nini nafasi ya hewa kati ya bati na dari ina faida kuliko kiyoyozi kimoja zaidi.

Hatua ya 9: Kazi zihukumiwe mtaani

Tundikeni michoro uchochoroni, baada ya Alasiri, kwa Kiswahili chote, hata kama chuo chenu kinafundisha kwa Kiingereza. Tengenezeni mifano ya kadibodi kwa kipimo cha 1:20, kwa sababu mfano wa mkono kila mtu anauelewa, na ngazi za karatasi anaweza kuzigusa. Kikao cha pili kifanyike ndani, kwa ajili ya wanawake ambao hawatakaa barazani.

Wakazi wapewe sehemu halisi ya alama. Mimi napendekeza asilimia 40, na mwashi aliyeongozana nanyi awe na kura yake ya kusema kama inajengeka. Chuo kikikataa, pigania walau 20. Mwanafunzi akisimama mbele ya mwenye nyumba, akaulizwa "Na maji haya yataenda kwa nani?", atajibu kwa uangalifu ambao hakuna profesa aliyewahi kuutoa kwake.

Hatua ya 10: Kabidhi

Kila nyumba ipate nakala ya vipimo vyake, iliyochapishwa kwenye karatasi kubwa, pamoja na orodha fupi ya matengenezo kwa utaratibu wa uharaka na bei za vifaa za mwezi huo mlizozikusanya madukani. Nakala moja iende kwa sheha na nyingine Mamlaka, baada ya kuondoa taarifa zozote za mikataba ya watu. Kama mlikuwa na bajeti ya safari iliyobaki, nunueni mlizamu na mabano yake, mwashi aufunge, wanafunzi wamshikie ngazi.

Faili la uchochoro libaki chuoni kwa jina la mtaa, siyo la mwalimu wala la mwaka. Darasa linalofuata likabidhiwe faili hilo wiki ya kwanza, na zoezi lao la kufungulia liwe kukagua paa zilezile na kuandika ni mlizamu upi bado unapitisha maji, upi umeziba, na nani aliyeusafisha mara ya mwisho.